Mafuta ya Sambaza Yanaishia Wapi?

Hapa Rusizi I, mpakani mwa Rwanda na Kongo, hatukosi la kuongea. Mpaka uko mbele ya macho yetu, ziwa liko ubavuni, na kila anayevuka huacha habari moja na kuondoka na nyingine. Tunajua dola imeamkaje Bukavu, tunajua nyanya zimepanda bei Kamembe, tunajua nani kafungwa mabao jana usiku huko Ulaya. Lakini mshike mmoja wetu begani, umwulize: maji machafu ya jikoni kwako yakishaingia kwenye tundu la sinki, yanakwenda wapi? Atakutazama tu. "Yanakwenda," atasema.

Yanakwenda! Nasonya mimi, na sioni haya kusonya. Yanapita wapi, na njiani yanakutana na nini ulichomwaga jana?

Nauliza kwa sababu sinki la mgahawa mmoja hapo juu, kwenye barabara inayopanda Kamembe, limekataa tena. Maji ya vyombo yaliingia kwenye sinki yakatokea kwenye tundu la sakafuni, meusi, na harufu ya kumfukuza mteja aliyekwisha kulipa. Fundi akaja na waya wake mrefu, akasokota, akavuta, akatoa bonge la kijivu lililoshikamana na nywele, punje za wali na miba ya samaki. Maji yakashuka kwa kishindo. Watu wakampigia makofi, akalipwa, akaenda zake. Nikamwuliza mwenye mgahawa, "Mama, mafuta ya kukaangia sambaza ukimaliza nayo unayapeleka wapi?" Akanionyesha kwa kidevu: palepale kwenye sinki. Hakuna aliyeshtuka.

Hilo ndilo linaloniuma. Anayezibua tunampigia makofi. Sijawahi kuona mtu akishangiliwa kwa sababu bomba la nyumba yake limekaa miaka mitano halijaziba, wakati huyo ndiye aliyefanya kazi.

Tuanze na sambaza basi, maana ndiye anayetulisha. Samaki huyu si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akaachiwa humu, akaliteka ziwa. Leo wavuvi wanatoka usiku na mitumbwi mitatu iliyoshikanishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji, na asubuhi samaki wako sokoni. Ukimchemsha sambaza hapendezi. Lazima azame kwenye mafuta ya moto mpaka akauke awe anatafunwa mzima na kichwa chake. Kwa hiyo palipo na sambaza pana sufuria ya mafuta, na mafuta hayo baada ya mikaango kadhaa yanakuwa meusi, hayafai tena. Ndipo mkono unapoinuka kuyaelekeza kwenye tundu.

Mafuta yakiwa ya moto yanateremka vizuri, hayaonyeshi dalili yoyote ya ubaya. Bomba lakini limezikwa ardhini, na ardhi ya huku, kwenye miinuko ya kama mita 1,500 juu ya bahari, haina joto la Mombasa. Mafuta yanaganda kwenye kuta za bomba kama nta ya mshumaa. Mawese ndiyo mabaya zaidi, na sisi watu wa pande zote mbili za mto tunayapenda mawese. Asubuhi ya mvua chupa ya mawese iliyo rafuni imekwisha kuganda nusu, kila mpishi anajua. Sasa kama yanaganda rafuni, ndani ya nyumba, mezani pako, huko ardhini yatafanya nini?

Na hayaishii kuganda tu. Mafuta yakikaa kwenye maji machafu yanavunjikavunjika yakawa asidi za mafuta. Asidi hizo zikikutana na kalisi, ambayo iko kwenye saruji ya chemba na kwenye maji yenyewe, zinatengeneza kitu ambacho mkemia atakuambia ni sabuni. Ila ni sabuni isiyoyeyuka na isiyotoa povu, ngumu, inayojijenga tabaka juu ya tabaka mpaka bomba la inchi nne linabaki na tundu la kupitisha kidole. Hapo unywele mmoja unatosha. Punje za wali zinavimba, ugali wa muhogo unanata, majani ya chai yanajipanga nyuma yake. Na mchanga! Mama zetu wanasugua sufuria kwa mchanga na majivu, sufuria zinang'aa, halafu mchanga huo unasuuziwa kwenye sinki. Mchanga hauelei wala hauyeyuki. Unashuka hadi kwenye kona ya kwanza unakaa.

Msifikiri haya ni ya kwetu tu. Mwezi Septemba 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel huko London, wafanyakazi wa maji machafu walikuta bonge la mafuta lililochanganyika na nepi na vitambaa vya kufutia, urefu wake mita 250, uzito wake takriban tani 130. Lilikuwa gumu, wakalikata na kulinyonya kwa majuma kadhaa. Mwaka uliofuata kipande chake kiliwekwa kwenye jumba la makumbusho la jiji lile, watu wakapanga foleni kukitazama. Wale wana mifereji mikuu tangu enzi za mhandisi Joseph Bazalgette, zaidi ya miaka 150 iliyopita, wana magari na pesa, na bado mafuta ya jikoni yaliwashinda. Sisi hapa hatuna hata mfereji mkuu mmoja wa mji. Kila nyumba ina shimo lake na bomba lake, na likiziba ni lako peke yako.

Motari mmoja, dereva wa pikipiki, akanikatiza hapo kijiweni. "Mzee, si unachemsha maji tu unamwaga?"

Kijana wangu, sikiliza. Maji ya moto yanalilainisha bonge hapa, yanalisukuma mita tano, sita, halafu linapoa na kuganda upya mahali ambapo waya wa fundi haufiki. Umelihamisha tatizo kutoka jikoni ukalipeleka chini ya sebule, chini ya vigae. Isitoshe, bomba zetu nyingi ni za plastiki ile ya PVC, ambayo ikikaribia nyuzi 80 inaanza kulegea. Maji yanayotokota yana nyuzi zaidi ya 90. Unamwaga, bomba linapinda kidogo, mteremko unapotea, na mwezi ujao unamwita fundi huyohuyo.

Mwingine, huyu wa kubadilisha pesa, akasema yeye anatumia soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Hapa niliinuka kabisa. Soda kali ikigusana na maji inachemka yenyewe, inaweza kukurukia usoni ukapoteza jicho. Ukiimwaga nyingi kwenye bomba lililoziba kabisa haina pa kwenda, inakaa palepale, na wakati mwingine inaganda ikawa kizibo kipya juu ya kile cha zamani. Halafu anakuja fundi, anafungua kona kwa mikono mitupu, hajui kilichomo. Umemwunguza mtoto wa mwenzio. Na mbaya kuliko yote ni yule anayechanganya: leo kamwaga Jik, haikuzibua, kesho anaongeza asidi ya kusafishia vigae juu yake. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha. Gesi hiyohiyo majeshi ya Ulaya yalirushiana vitani mwaka 1915. Tafadhalini, jamani, hilo msilifanye, na wakatazeni wasichana wa kazi wasilifanye.

Kuna kitu kimoja kilichoko chini ya sinki, ile kona ya bomba iliyojipinda na kubaki na maji siku zote. Wengine wanaiita sifoni, wengine trapu. Mskoti mmoja mtengeneza saa, Alexander Cumming, ndiye aliyepewa hataza ya choo chenye kona ya namna hiyo mwaka 1775, na mpaka leo hakuna aliyepata njia bora zaidi ya kuzuia uvundo wa shimo usipande ndani ya nyumba. Maji yanayobaki pale ndiyo mlango. Basi mafuta, nywele na mchanga vinatua pale kwanza. Nyingi za siku hizi zinafunguliwa kwa mkono, hazihitaji spana. Weka ndoo chini, fungua, toa uchafu, rudisha. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi. Mnalipa fundi kwa kazi ambayo mtoto wa darasa la sita angeifanya kabla ya kwenda shule.

Sasa geukeni mtazame mgongoni kwenu.

Huo mto mnaoupa mgongo kila siku ndio mlango pekee wa Ziwa Kivu. Ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 2,000, kina chake kinakaribia mita 480, vijito vinavyoingia kutoka milima ya Rwanda na ya Kongo havihesabiki. Unaotoka ni mmoja, Rusizi, na unatokea hapa tulipokaa. Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikainuka, lava ikaziba bonde, maji yakakosa njia, yakapanda na kupanda mpaka yakafurika upande huu wa kusini na kujikatia njia ya kuteremkia Tanganyika. Ziwa lote hili, pamoja na hoteli za kando yake na picha za maharusi, lilipata umbo lake kwa sababu njia ya maji iliziba. Nani basi ataniambia kuziba ni jambo dogo?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu wakati uleule sambaza anaachiwa ziwani, Wabelgiji walijenga bwawa la umeme hapa chini kidogo, lile la Ruzizi I, ambalo leo liko mikononi mwa SNEL, shirika la umeme la Kongo. Mwaka 1989 likafuata Ruzizi II, la ubia wa Burundi, Rwanda na Kongo, chini ya kampuni yao ya SINELAC. Mwanzoni mwa 2021 pale Ruzizi I takataka za plastiki, chupa, makopo na matambara, zilisukumwa na maji ya ziwa hadi kwenye midomo ya kuvutia maji. Mtambo mmoja ukasimama. Kituo chenye megawati karibu 30 kikapoteza megawati kama sita, na umeme wa Bukavu na Uvira ukawa wa kuvizia. Wazamiaji walivaa vifaa wakashuka ndani ya maji kuondoa uchafu kwa mikono, na si mara moja. Ndiyo kazi yao ya kila wakati. Mtu anazama kwenye maji ya baridi kwenda kutoa chupa ya soda ambayo mwingine aliiachia mtaroni bila kugeuka nyuma.

Papa mmoja kutoka Bukavu aliyekuwa anasubiri kuvuka akasema, "Sisi kule vilima vyetu ndivyo vinavyoleta. Mvua ikinyesha Kadutu, mto Kahuwa unabeba kila kitu mpaka ziwani." Nilimheshimu kwa kusema hivyo, kwa sababu ni kweli, na mtu kukubali la kwao hadharani si rahisi. Lakini na sisi huku tusijifiche nyuma yake. Ni kweli Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikaongeza plastiki nyingine za kutumia mara moja mwaka 2019. Kongo ilitoa amri yake mwishoni mwa 2017, Kenya mwaka huohuo, Tanzania 2019. Sheria hizo nazipenda na nimeziona zikifanya kazi. Mitaro ya Kamembe si ile ya zamani. Lakini hakuna sheria inayokaa jikoni kwako usiku. Maji ya vyombo ya nyumba nyingi za huku kilimani yanatoka kwa bomba fupi hadi kwenye mtaro, mtaro unaingia ruhurura, yaani mfereji mkubwa wa maji ya mvua, na ruhurura inaingia ziwani. Mafuta yale ya kukaangia, nepi ile, chupa ile, vyote vinafika kwenye mlango huu mmoja. Mwenye kuziba jikoni kwake na mwenye kuziba Ruzizi I ni mtu mmoja, tofauti yao ni umbali tu. Waulizeni watu wa Kampala na mfereji wao wa Nakivubo, namna chupa na kaveera, ile mifuko ya plastiki, zinavyougeuza mafuriko kila mvua kubwa.

Ngojeni, bado sijafika kwa wajenzi, na wajenzi nina deni nao.

Nyumba mpya zinapanda kila siku. Vigae vinang'aa, geti la chuma, rangi ya krimu. Mwenye nyumba anakwenda Kamembe mara tatu kuchagua bomba la maji lenye umbo la shingo ya bata. Lile la maji machafu, ambalo atalifukia na kuishi juu yake miaka 30, hajawahi hata kulitazama likilazwa. Bomba la choo la milimita 110 linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kutoka chooni mpaka kwenye shimo ni mita 12, basi mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 30. Hiyo ni hesabu ya kamba na pimamaji, haihitaji shahada. Tuko kwenye vilima, mteremko tumepewa bure! Lakini vijana wakichimba wakakuta mwamba, wanalaza bomba juu ya mwamba hivyohivyo, wanatia udongo, wanamwaga zege. Maji yanapita, mzigo unabaki.

Halafu kona. Fundi anafika ukutani, anatia kiwiko kimoja cha nyuzi 90, kwa sababu ni kimoja na ni rahisi. Viwiko viwili vya nyuzi 45 vinafanya kazi ileile kwa upole, mzigo unageuka badala ya kugonga. Bei yake imezidi kidogo tu. Mwambie hivyo kabla hajafukia, ukiwa umesimama pale, na usione aibu kuitwa msumbufu.

Na chemba, jamani, chemba! Kila mahali bomba linapogeuka au kukutana na lingine panatakiwa chemba yenye mfuniko unaoinuka, ili mtu aweze kuona na kuingiza waya. Nimeingia nyumba hapa mjini ambazo chemba zimefunikwa kwa vigae au kwa matofali ya zege ya uani, ati zinaharibu sura. Siku bomba linaziba, familia nzima inasimama uani, baba anajaribu kukumbuka ilikuwa wapi, fundi anagonga kwa nyundo akisikiliza. Wanavunja hapa, sipo. Wanavunja pale, sipo. Vigae vya pesa nyingi vinageuka kifusi kwa ajili ya kutafuta mfuniko. Kama mnajenga, pigeni picha ya mabomba yote kabla ya kufukia, na utepe wa vipimo uwemo kwenye picha ukionyesha umbali kutoka ukutani. Picha hiyo iwekeni pamoja na hati ya kiwanja. Na mfuniko uwe wa zege, maana kule Nairobi na Dar es Salaam ile ya chuma wanaing'oa usiku kwenda kuuza kwa kilo, na shimo linabaki wazi mpaka mtoto anatumbukia au mtaa mzima unaligeuza jalala.

Miti nayo. Umuvumu ni mti wa heshima na kivuli chake ni cha babu zetu, siwaambii muukate. Mikalitusi tunayo kila kilima. Lakini mzizi unafuata maji, na kiungo cha bomba kilichovuja tone moja ni mwaliko. Unaingia mwembamba sana, ndani unanawiri. Bomba lipite mbali na mti, na viungo vigundishwe sawasawa.

Mvua zikianza ndiyo balaa jingine. Mtu ana paa la mita za mraba 100, anaona uvivu kujenga njia ya maji ya mvua, anaunganisha mfereji wa bati na bomba la choo. Mvua moja tu ya milimita 20, ambayo hapa wakati wa Itumba, msimu wa mvua kubwa, hatuiiti hata mvua, inatoa lita 2,000 kutoka kwenye paa hilo. Lita 2,000 zinaingia kwenye septiki kwa saa moja. Septiki inafanya kazi kwa utulivu: mzigo mzito unatua chini, mafuta na povu vinaelea juu, maji ya katikati yaliyotulia ndiyo yanayotoka kwenda shimo la kunyonya. Ukiyavuruga kwa mafuriko, mzigo wote unanyanyuka na kukimbilia kwenye shimo la kunyonya, na udongo wa pale ukishaziba hakuna waya utakaouzibua. Unachimba shimo jipya, kama bado una kiwanja. Maji ya paa yawekeeni tangi. Kiangazi kikija mtashukuru. Na septiki yenyewe mwiteni mtu wa gari la kunyonya kabla tope halijafika theluthi ya kina chake. Wengi wanasubiri mpaka choo kiteme.

Sasa niseme jambo ambalo vijiweni sisi wanaume tunalikwepa. Pedi. Pedi imetengenezwa ili inywe na ivimbe, na ikishaingia bombani inaendelea na kazi yake. Nepi vilevile. Vitambaa vile vyenye unyevu vya kufutia watoto, hata kama pakiti inadai vinaweza kumwagwa chooni, chukua kimoja ukitie kwenye chupa ya maji, tikisa, kiache mpaka kesho. Utakikuta kizima. Karatasi ya chooni ukiifanyia hivyo inasambaratika. Huo ni mtihani wa usiku mmoja na unamaliza ubishi wote.

Lakini nasikia watu wakilaumu wasichana, na hapo nakasirika kwelikweli. Msichana ameingia choo cha mgahawa, au cha shule, au hiki hapa cha karibu na mpaka. Hakuna pipa. Hakuna maji ya kutosha. Nje kuna wanaume saba wamekaa. Mlitaka aishike mkononi apite nayo mbele yenu? Wekeni pipa lenye kifuniko ndani ya kila choo, na litolewe kila siku na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Pipa lina bei ndogo kuliko safari moja ya fundi. Mwenye choo asiye na pipa ndiye aliyekiziba, na bili ni yake.

Wengi wetu wilayani bado tunatumia choo cha shimo, na hao wanadhani maneno haya hayawahusu. Yanawahusu. Shimo likijaa suruali kuukuu, chupa na nepi, gari la kunyonya halifui dafu. Mpira wake unaziba kwa tambara la kwanza. Ndipo vijana wanaposhushwa kwa kamba na ndoo. Msikubali. Ndani ya shimo kuna gesi inayotokana na uozo, ile yenye harufu ya mayai mabovu, na ikizidi pua haiisikii tena. Wa kwanza anaanguka kimya, ndugu yake anaruka kumwokoa, na yeye anaanguka. Nyumba inazika wawili. Asishuke mtu kwenye shimo wala kwenye septiki, hata kama ni simu ya bei kubwa iliyodondoka.

"Sasa mzee, mafuta tuyafanye nini?" akauliza dada mmoja mwenye beseni la sambaza kichwani, amesimama kwa mguu mmoja, anataka kwenda. Hilo ndilo swali nililolingoja. Dada yangu, yaache yapoe, yachuje, yatie kwenye jerikani yenye kifuniko. Jerikani ikijaa ina thamani: watengenezaji wa sabuni wanatumia mafuta, na yaliyokwisha kukaangia yakichujwa vizuri yanafaa. Yaliyobaki kwenye sufuria yafute kwa karatasi au kwa majani makavu ya mgomba kabla hujatia maji na sabuni, kisha karatasi hiyo iende jikoni kuwashia moto. Kwenye tundu la sinki weka kichujio, kile cha bati chenye matundu madogo. Na migahawa inayokaanga kutwa ijenge mtego wa mafuta: kisanduku cha zege chenye mfuniko, maji yanaingia, yanatulia, mafuta yanapanda juu, na bomba la kutokea linachota kutoka chini. Kila wiki mtu anakokoa yaliyoelea. Usipokokoa, kisanduku kimekuwa uchafu mwingine tu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote kwenye umuganda, tunazibua mitaro ya barabara, tunafyeka, tunasalimiana. Kazi nzuri. Ombi langu ni kwamba ukirudi nyumbani siku hiyohiyo, kabla hujavua buti, inua mfuniko wa chemba yako. Ikiwa maji yanapita safi chini, funga ukale. Ukikuta yamesimama, au kuna utando mweupe ukutani, umepata onyo majuma kadhaa kabla ya mafuriko, na kazi ya siku hiyo ni ndoo mbili za maji na fimbo.

Linabaki suala la nyua za wapangaji, ambalo ndilo linalogombanisha watu kuliko yote hapa. Milango sita, bomba moja. Likiziba kila mmoja ananyoosha kidole kwa jirani, mwenye nyumba hapokei simu. Andikeni kwenye mkataba wa kupanga, kwa Kiswahili au Kinyarwanda, lugha yoyote mnayoisoma wote: jerikani ya mafuta itakaa wapi, pipa la choo atalitoa nani, chemba itafunguliwa siku gani. Na siku fundi akija, asiondoke kabla hajawaonyesha kilichotoka. Kama ni bomba lililolazwa bila mteremko au kona iliyovunjika, mwenye nyumba alipe. Kama ni mafuta, nepi na mchanga, walipe milango yote sita sawasawa, na ambaye hakumwaga kitu naye alipe, kisha awe wa kwanza kuwauliza wenzake, kila jioni, mafuta ya leo wameyatia wapi.